Ubaguzi wa Rangi, Hasira na Kijana Mweusi Anayeanza Kuvuta

Sisi wazazi tunaozungumza Kiswahili hapa Iowa, tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, tukisikia kwamba kijana wa jamii yetu ameanza kuvuta bangi, tunawataja upesi marafiki wabaya, simu na malezi ya siku hizi. Ubaguzi wa rangi hatuutaji, au tunauona kuwa ni jambo la Wamarekani Weusi lisilotuhusu sisi wageni. Kwa maoni yangu tunakosea, na ushahidi wa kosa hilo ulikusanywa katika jimbo hili hili tunaloishi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wakiwemo Frederick Gibbons, Meg Gerrard, Ronald Simons na Gene Brody walizifuatilia familia za Wamarekani Weusi zaidi ya 800 za Iowa na Georgia, ambazo watoto wao walikuwa na umri wa miaka 10 hivi utafiti ulipoanza. Watoto waliulizwa kama wamewahi kutukanwa au kudharauliwa kwa sababu ya rangi yao, kisha wakafuatwa tena na tena walipokuwa wakikua. Waliobaguliwa zaidi utotoni walionekana baadaye kuwa wepesi zaidi wa kutumia vileo na dawa za kulevya, na watafiti walipoichunguza njia inayoyaunganisha mambo hayo mawili, waligundua kwamba inapitia hasa kwenye hasira. Huzuni na wasiwasi viliongezeka pia, lakini hasira ndiyo iliyomsogeza kijana kwenye matumizi.

Ninalolithamini zaidi katika kazi hiyo ni tofauti waliyoiweka kati ya kupanga na kuwa tayari. Kijana wa miaka 14 mara nyingi hana mpango wowote wa kuvuta, na ukimuuliza atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hatavuta; ila siku aliyodhalilishwa, akijikuta nyuma ya jengo na wenzake na msokoto ukapitishwa, ule utayari wa kuupokea huwa umekwisha kupanda bila yeye kujua. Ndiyo maana mahubiri yetu kuhusu madhara ya sigara na pombe hayafiki mbali: madhara anayajua, tena pengine kutuzidi sisi.

Jirani yangu, mama aliyetokea Uvira, ana kijana wa umri huo. Jioni moja alirudi akasema kwamba mlinzi wa duka alimfuata yeye peke yake kutoka rafu hadi rafu, ilhali wenzake wazungu walikuwa wakichezea bidhaa bila kuulizwa. Mama akamjibu, "Achana nao, mwanangu, sisi tumekuja hapa kusoma." Kijana hakubisha. Aliuacha ugali ukipoa mezani, akaingia chumbani, na mlango ukafungwa. Mlinzi yule, bila shaka, hakumuuliza kama wazazi wake walifika Marekani kwa ndege mwaka juzi au kama babu zake walilima pamba Georgia.

Wala matukio ya namna hiyo si ya nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukiongozwa na Devin English, uliwataka vijana Weusi 101 wa jiji la Washington, D.C. kujibu maswali kila siku kwa wiki mbili kuhusu ubaguzi waliokutana nao, na wastani ukazidi matukio matano kwa siku, mengi yakiwa mtandaoni.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Kwa miongo mingi, vijana Weusi wa Marekani wamekuwa wakivuta sigara na kunywa pombe kidogo kuliko vijana wazungu, na anayewaona wote kuwa wavutaji anaendeleza ubaguzi ule ule. Tofauti iko katika gharama ya kosa: mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, wanafunzi Weusi walikuwa takriban asilimia 15 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini walikuwa asilimia 38 ya waliosimamishwa masomo na kurudishwa nyumbani, ambako huenda wakakaa mchana kutwa bila mtu mzima wa kuwaangalia.

Watafiti wale wale walikuta pia kinachopunguza makali, nacho ni malezi ya karibu, yenye upendo na ufuatiliaji. Brody na wenzake waliandaa huko Georgia mafunzo ya wiki saba, ambamo wazazi na watoto hukaa vyumba tofauti kwanza na kisha pamoja, na mojawapo ya mambo ambayo mzazi hufundishwa ni jinsi ya kuzungumza na mtoto kuhusu ubaguzi na kumjengea fahari ya kuwa Mweusi. Watoto waliopitia mafunzo hayo walichelewa kuanza pombe kuliko wasiopitia.

Hapo ndipo tunapopungukiwa sisi wageni. Tulikulia mahali ambapo karibu kila mtu alikuwa na rangi kama yetu, kwa hiyo mazungumzo hayo hatukuyarithi kwa mama zetu, ilhali majirani zetu Wamarekani Weusi wanayo tangu enzi za bibi zao. Ningependa tuwaalike kwenye vikao vyetu vya wazazi watueleze wanavyoyaanza, na mtoto akiwa na umri gani, kabla hatujamwita mtaalamu mwingine wa kuja kutuonyesha picha za mapafu.