Kabati la Mwalimu Kasuku

Asubuhi ile umeme ulikatika kabla ya alfajiri, nikavaa kwa kupapasa. Nilijiona vizuri nilipofika mstarini, jua limeshachomoza: shati la rangi ya chungwa lililobaki kwenye harusi ya binamu, suruali ya damu ya mzee, soksi za kijani. Kutoka safu za nyuma ikapenya sauti moja tu, "Kasuku!" Mstari mzima ukaangua kicheko, na walimu wenzangu wakageukia ukutani kuficha meno. Kufika saa nne jina lilikuwa limeshamfikia mpishi jikoni.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kilichonikera zaidi ni kwamba jina lenyewe si sahihi. Kasuku tunayemjua huku Kigoma, yule wa misitu ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ni ndege wa kijivu. Mwili kijivu, mabawa kijivu kilichokoza kidogo, uso umepauka kuelekea weupe, halafu mkia peke yake ndio mwekundu. Nilipokuwa nasahihisha madaftari mchana ule nikajisemea, laiti ningekuwa nimevaa kama kasuku kweli.

Jioni nikamwaga nguo zote kitandani. Mke wangu akasimama mlangoni na mwiko mkononi. "Baba watoto, unahama?"

Tukahesabu pamoja. Mashati 19, tisheti 14, suruali 8. Jumla vipande 41. Kati ya mashati, sita yalikuwa sare za harusi, kila moja rangi yake, kila moja limevaliwa mara moja. Tisheti tano za Mei Mosi, tatu za kampeni, nyingine za semina. Zile nilizozichagua mwenyewe, kwa akili na fedha zangu, hazikufika kumi. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona jambo hili: kwa miaka yote hiyo kabati langu lilikuwa likijazwa na kamati za watu wengine.

Nikaamua kuanza upya kwa rangi tulivu, rangi zisizogombana, nguo ambazo miaka kumi ijayo hakuna atakayeziona zimepitwa. Nikafanya kama watu wanavyofanya siku hizi, nikafungua simu. Ushauri uliorudiwa kila mahali ulikuwa mmoja: anza na nyeusi, nyeupe na kijivu hafifu. Mshahara ulipoingia nikashuka Mwanga sokoni, nikanunua mashati mawili meupe, kadeti moja nyeusi, na raba nyeupe pee.

Walioandika ule ushauri hawajawahi kupanda bodaboda Kigoma mwezi wa nane. Udongo wetu ni mwekundu, na kiangazi unapeperuka wenyewe bila hata gari kupita. Wiki ya kwanza kola za mashati zilishika mstari wa rangi ya kutu. Raba ziligeuka rangi ya chungu. Kadeti nyeusi ilikuwa na masaibu yake: vumbi jekundu chini ya magoti, na juu ya paja la kulia, pale ninapofutia mkono, vumbi jeupe la chaki. Nilionekana kama ramani.

Nikazitia nguo nyeupe jiki, nikaongeza jiki, madoa yakabaki palepale na kitambaa kikaanza kulegea. Mwalimu mwenzangu wa kemia alicheka mpaka akakaa chini. Wekundu wa udongo, akanieleza, ni oksaidi ya chuma, ni kutu hasa, na jiki haiondoi kutu. Inaweza hata kuzidisha doa. Kinachofaa ni tindikali nyepesi. Kamua limao, nyunyiza chumvi, acha kidogo, suuza vizuri, ndipo ufue na sabuni kama kawaida. Kweli doa lilififia, ila malimao ya kila Jumamosi nayo ni gharama. Ile kadeti nyeusi nilikuwa nikiianika juani ikiwa upande wa nje, na baada ya miezi mitatu weusi wake ukaanza kuwa ukahawia wa kusikitisha.

Nikaibeba hiyo suruali hadi Ujiji kwa fundi mmoja mzee anayeshona barazani kwake kwa cherehani ya kukanyaga. Nilitaka aipunguze pindo tu, labda na ushauri wa kuitia rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hii suruali umeitoa wapi, kwenye moto?"

Nikamsimulia habari yote, na kasuku ndani yake. Hakucheka. Alinyanyuka, akachukua mabaki ya vitambaa chini ya meza yake, akayatandaza uwanjani pale, kwenye udongo mtupu: cheupe, cheusi, kijivu hafifu, kijivu cha kati, neivi bluu, rangi ya maziwa, rangi ya ugoro, kahawia. Akayasukuma na kandambili yake mpaka yakashika vumbi kidogo. "Sasa rudi hatua kumi, uniambie kipi kinapiga kelele."

Cheupe kilipiga kelele. Cheusi pia, kwa sababu ya vumbi lililokaa juu yake. Ugoro na kahawia vilikuwa vimekaribia kupotea machoni. Kijivu cha kati, neivi bluu na rangi ya maziwa vilionekana, ila kwa adabu.

"Mji ndio unaochagua rangi, mwalimu. Wewe unachagua mshono. Babu zetu hapa walivaa merikani na kaniki, basi."

Kwa wasiozijua: merikani ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa, rangi yake kama maziwa yaliyoingia majani ya chai kidogo, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kushushwa Unguja, jina lenyewe ni Marekani hiyohiyo. Kaniki ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili mpaka bluu yake ikakaribia weusi. Misafara ilizibeba kwa doti kupitia Tabora hadi hapa Ujiji, na zilikuwa fedha kuliko nguo: Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, njia nzima alikuwa amelipia hongo kwa vitambaa vya namna hiyo. (Siku hizo hongo ulikuwa ushuru wa kupita, siyo kile tunachokijua leo.) Kwa hiyo rangi ya maziwa na bluu ya kiza, ambazo kwenye simu niliambiwa ni mtindo wa kisasa, zimevaliwa kandokando ya ziwa hili tangu kabla ya reli. Hata kaki ni neno la mbali lenye maana ya karibu. Linatokana na neno la Kiajemi na Kiurdu la udongo na vumbi, na askari wa Waingereza kule India walianza kuvaa rangi hiyo katika miaka ya 1840 ili vumbi lisiwaumbue. Nilivaa kaptula ya kaki miaka saba ya shule ya msingi bila kuambiwa kwamba nimevaa vumbi.

Basi nikapanga upya. Suruali ziwe za rangi ya ugoro na kijivu cha kati, kwa sababu ndizo zinazopokea vumbi na chaki. Neivi bluu nikaipandisha juu, ikawa ya mashati na koti moja. Chaki haifiki huko mara nyingi. Nyeupe nikaiacha kwa Ijumaa na misiba, mahali pake ikachukuliwa na rangi ya maziwa. Viatu na mkanda kahawia. Kijani cha jeshi kilinivutia sana, nikakiacha. Kwa raia nguo zinazofanana na sare za jeshi ni marufuku, na sikutaka kujieleza kwa mtu barabarani kwamba hii ni kadeti tu.

Nilichukua miezi kumi na sita, yote kwa mitumba. Nilijifunza kufika belo linapofunguliwa, si mchana watu wakishachambua. Kitu cha kwanza ninachotazama siku hizi ni mabega, rangi baadaye. Mshono wa bega ukipita mfupa wa bega lako, mrudishie muuzaji, maana fundi anaweza kupunguza kiuno, urefu na mikono kwa elfu mbili au tatu, lakini bega ni kulifumua shati zima. Halafu kwapa, kola, na mapaja kwa ndani. Nyanyua kitambaa mbele ya jua, kama mwanga unapita hapo kuliko pengine, kimeshaliwa. Soma lebo. Pamba tupu inakunjamana lakini inapumua, na joto letu la mwezi wa tisa halina huruma na poliesta. Kitani nilikipenda kwa macho, mwilini kikanichosha: ukikaa kitini dakika tano unasimama kama umelala nacho. Kosa jingine lilikuwa shati la kijivu hafifu. Jasho la kwapa linaonekana mpaka dawati la mwisho.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba rangi tulivu zikiwa kitambaa kimoja juu mpaka chini, unafanana na mlinzi wa ghala. Dawa yake ni kubadilisha mfumo wa kitambaa. Shati laini na suruali yenye mikwaruzo ya uzi inayoonekana. Jinzi iliyokoza na shati la pamba nzito. Jicho linapata pa kushika.

Ufuaji nao ulibadilika. Nguo zenye rangi nazigeuza ndani nje na kuzianika kivulini chini ya mwembe. Pasi yetu ni ya mkaa, kwa hiyo juu ya neivi bluu naweka kwanza kitambaa chepesi chenye unyevu, la sivyo inabaki alama inayong'aa kama sufuria.

Kwa jumla sikumaliza laki mbili, pamoja na moka za mtumba na kazi yote ya fundi. Sasa nina vipande 17, na nikivaa gizani hakuna anayejua.

Cha kumi na saba sikukinunua. Marehemu baba alifanya kazi reli, na aliacha kaunda suti moja ya kijivu, ya mikono mifupi, mifuko minne, iliyoshonwa miaka ya themanini. Mama alikuwa akiitunza sandukuni na nafthalini. Mimi ni mpana kuliko baba, nikaipeleka Ujiji bila matumaini. Fundi aliigeuza, akapitisha kidole kwenye mishono ya ubavuni. "Aliyeshona hii alijua kuna mtoto anakuja," akasema, kwa sababu ndani kulikuwa kumeachwa kitambaa cha akiba karibu inchi moja kila upande. Alipofumua, ule ukanda uliokuwa umefichwa ulitokea kijivu cha kukoza, kama siku ulipotoka dukani, pembeni ya kijivu kilichopauka kwa jua la stesheni. Aliniuliza kama nataka aufiche. Nikamwambia auache. Mistari miwili ya kijivu kilichokoza inashuka ubavuni mpaka leo, na watu huniuliza mtindo huo nimeutoa wapi.

Mke wangu anavaa vitenge vya Kongo vyenye rangi zote alizoumba Mungu. Mwanzoni alidhani nataka naye nimpunguzie, nikamhakikishia sivyo. Tukitoka pamoja yeye anang'aa, mimi ni ukuta wa nyuma, na hajalalamika.

Mwezi uliopita kamati ya harusi ya shemeji ilitangaza sare: zambarau. Nilimwendea mwekahazina, nikamwomba nitoe mchango wangu wote ila nivae kaunda suti ya baba. "Shemeji, picha zitaharibika," akasema, na kwa upande wake yuko sawa. Tukakubaliana nivae yangu, ila niweke alama ya kitambaa chao mfukoni. Juzi nimekwenda Ujiji kumwachia fundi kipande cha zambarau akikunge kiwe leso. Alikipima mfukoni pa kaunda suti, akarudi nyuma, akatikisa kichwa.

"Hapa panataka wekundu, Mwalimu Kasuku."