Kitafunwa cha kikao cha Jumamosi

Kikao cha wazazi ni keshokutwa saa mbili asubuhi, na kitafunwa ni juu yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenyekiti aliuliza kwenye grupu la WhatsApp nani atasimamia chai, ukafuata ukimya ule wa watu wanaojifanya hawajaona ujumbe, mwisho nikaandika "nipo". Hapo hapo grupu likafufuka. Majani, sukari na maziwa wakagawana dakika tano tu, mimi nikaachiwa cha kutafuna, pamoja na ushauri wa kila mtu.

Wengi walitaka maandazi. Nayapenda, ila andazi lina saa zake: likitoka kwenye mafuta ni tamu, likilala linakuwa gumu na mafuta yanaonekana kwenye vidole. Kuchoma maandazi ya wazazi wote hao asubuhi ileile maana yake kuamka saa tisa usiku. Chapati nayo inataka meza na kitu cha kuchovya. Mama mmoja akatuma picha ya keki yenye krimu nyeupe, waridi na kila kitu. Shule yetu iko juu mlimani, na anayeijua Mwanza anajua milima yetu ni mawe. Keki ya krimu kwenye bajaji, njia ile, jua limeshatoka? Nilimwekea dole gumba nikaendelea na yangu.

Ninachokifikiria zaidi ni mkono wa mzazi. Anafika na mkoba begani, anapewa kikombe cha chai ya moto, labda na ripoti ya mtoto, halafu anasimama chini ya mti au anakaa kwenye dawati la darasa la pili magoti yakigusa kidevu. Amebakiwa na mkono mmoja. Basi kitafunwa kiliwe kwa huo mmoja, kiishe kwa kung'ata mara tatu, kisichuruzike na kisimwagie chenga kitenge cha watu. Karanga nimeziondoa mapema kwa sababu wapo watoto wanaokuja na wazazi wao, na mmoja wao karanga humvimbisha midomo. Kashata kwaheri.

Nikampigia shangazi yangu wa Tanga, maana kwa mambo ya kuoka ndiye mwalimu wangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Pika mkate wa kumimina, wewe unahangaika nini?"

Hata sikuwa nimeuliza bado. Mkate wa kumimina ni kweli ungewashangaza watu: mchele ulolowekwa usiku, ukasagwa na tui zito, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha moto chini na moto juu. Ila kwake nazi zinaangukia uani. Huku zinafika kwa lori kutoka pwani na bei yake inajua umbali iliosafiri. Na ule mkate haupendi kuharakishwa, kila sufuria inataka zamu yake. Kwa watu sita ningepika. Kwa kikao, hapana.

Kingine ambacho shangazi hukisahau ni kwamba hatuko usawa mmoja. Yeye yuko ufukweni mwa bahari, wakati uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwetu mkandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani, kwa hiyo gesi ya beking pauda inatanuka upesi. Keki inapanda kwa mbwembwe kabla unga haujashika, halafu katikati inabonyea. Kwa hiyo resipe zake zote huzipunguza beking pauda kidogo. Akisema kijiko kimoja na nusu, mimi naweka kimoja na robo. Sijamwambia. Ataona namfundisha kazi.

Nimeamua keki ya ndizi ndiyo itakayobeba kikao. Ndizi zilizoiva hadi ganda likapiga madoa meusi, zile ambazo muuzaji anataka ziondoke leo, ndizo hasa ninazozitaka, kwa sababu wanga wake umeshageuka sukari na zinapondeka kwa uma. Kwa keki moja naponda tatu au nne, naongeza nusu kikombe cha mafuta ya kula, robo tatu kikombe ya sukari, mayai mawili, kisha vikombe viwili vya unga wa ngano uliochekechwa na beking pauda na chumvi kidogo. Hakuna mashine, hakuna kupiga siagi na sukari mpaka bega liume. Unga ukishaingia nakoroga kwa mwiko mpaka ule weupe upotee, naacha. Ukiendelea kukoroga, ngano inavutika na keki inatoka ngumu kama mkate wa juzi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba ya leo si tamu kama ya kesho. Ikilala imefunikwa, unyevu wa ndizi unasambaa mpaka kwenye ukoko, na kisu kinapita bila kuivunja. Kwa mtu anayeoka kwa oveni ndogo kwenye nyumba ambayo umeme una maamuzi yake, usiku huo mmoja wa ziada ni mali. Ukikatika, ninayo sufuria nzito, mchanga chini, kifuniko cha bati na mkaa wa kupalia juu. Inachelewa, ila inaiva.

Kuhusu skonzi nilibishana na nafsi yangu kidogo. Skonzi ya ngano tupu iliyookwa jana hukauka, na chai haiwezi kuiokoa kabisa. Lakini nikiweka viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, mambo yanabadilika. Navichemsha na maganda, namenya, naponda, nakandia unga humo na hamira, maziwa kidogo na sukari kiasi. Viazi vinashika maji, kwa hiyo skonzi inabaki laini hadi siku ya pili, na ndani inatoka rangi ya dhahabu bila kutia rangi yoyote. Halafu tuko Usukumani jamani, kiazi ni chetu. Watu waliolelewa kwa michembe na matobolwa, yaani viazi vya kukausha, hawawezi kukigomea kwa sababu kimevaa ngano. Ile rangi ni ya kirutubisho ambacho mwili hukigeuza vitamini A, na watafiti wa kilimo wa Ukiriguru, hapo Misungwi, wamefanya kazi ya miaka mingi na viazi hivi. Kwenye kikao sitahubiri lishe. Watu wale tu.

Vileja vimeshamalizika. Unga wa mchele nusu kilo, samli robo, sukari robo, viini vya mayai na iliki, nikafinyanga vidogo na kuvibonyeza katikati kwa kidole. Vinakaa siku kadhaa bila kuharibika, basi nimevipika jioni hii na kuvifungia kwenye deli lenye mfuniko. Ila samli hunyonya harufu. Niliinunua mjini nikarudi nayo moja kwa moja nyumbani, sikupitia soko la samaki la Mwaloni ingawa nilikuwa na hamu ya machungwa ya Ukerewe. Vileja vyenye harufu ya dagaa sijui ningewaeleza nini wazazi wenzangu.

Usafiri umebaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na magazeti siyataki kwa sababu wino unahamia kwenye chakula, hasa chenye mafuta. Keki zitakwenda nzima kwenye madeli, nitazikatia shuleni. Skonzi kwenye beseni lenye kitambaa safi. Kwa wanaokwepa sukari nimemwomba mwenzangu wa majani aichemshe chai bila sukari, kila mtu ajiwekee, na kutakuwa na mayai ya kuchemsha pembeni. Si kitu cha kuoka, lakini nani atalalamikia yai?

Nilipokuwa naandika haya mwenyekiti ametuma ujumbe: itawezekana na kalimati kidogo, za shira, kwa ajili ya mgeni rasmi? Kalimati. Za shira. Za kuliwa umesimama, kikombe mkononi.

Nimemjibu kwa heshima zote kwamba wazo ni zuri, azilete yeye, na asisahau tishu.