Mgeni anakuja na bunduki zake: wewe unayempokea Dar ujue haya

Kila Julai ikikaribia simu yangu inaanza kuchemka. Msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguliwa tarehe 1, wageni wanaanza kushuka, na madogo waliopata kazi ya kupokea wageni kwenye kampuni za uwindaji wananipigia na swali lilelile, "kaka, huyu mgeni wangu kaandika anakuja na bunduki mbili, hivi kweli mtu anapanda ndege na bunduki?" Anapanda, tena ni jambo la kila siku kuliko watu wanavyodhani, abiria waliokaa naye siti za pembeni hawajui na hawana haja ya kujua, kwa sababu bunduki haipo juu alipo yeye, ipo chini kwenye mizigo, imetolewa risasi, imelala ndani ya kesi ngumu yenye kufuli na funguo anayo mwenyewe mfukoni.

Hiyo ya funguo nianze nayo maana wengi wanaikosea. Wamarekani wamezoea zile kufuli za mabegi ambazo watu wa usalama kule kwao wana funguo zake wanafungua wenyewe wakitaka kukagua. Kwa begi la nguo sawa. Kwa bunduki sheria yao inasema funguo au namba ya kufuli anabaki nayo abiria tu, kwa hiyo mwambie mapema anunue kufuli za kawaida, ngumu, na kesi ikiwa na matundu manne ya kufuli basi kufuli nne, isiwe kesi unaishika pembe moja ukivuta inafunguka kidogo mkono unapita. Akifika kaunta anatamka mwenyewe kwamba ana silaha, asisubiri waione kwenye skana.

Haya, sasa kazi yako wewe inaanza zamani sana kabla mgeni hajafunga hata begi. Kampuni ndo inayomuombea kibali cha kuingiza silaha kwa muda, na kwenye maombi inaandikwa aina ya bunduki, kaliba (yaani ukubwa wa risasi inayotumia), namba yake na idadi ya risasi. Namba hiyo ndo kila kitu. Usikubali mgeni akuandikie namba kwenye email halafu wewe ukaikopi, mwambie apige picha ya namba yenyewe ilivyochongwa kwenye chuma na akutumie, maana binadamu akiandika namba ndefu usiku amechoka, sifuri inakuwa herufi O na moja inakuwa I. Kibali kikitoka na namba yenye herufi moja tofauti na chuma, mbele ya afisa hiyo ni bunduki nyingine kabisa isiyo na kibali.

Nakumbuka mzee mmoja alikuja na raifo ya urithi, Mauser ya zamani ya jeshi iliyogeuzwa kuwa ya kuwindia, mbao yake inang'aa kwa mafuta. Mama wa pale kwenye ukaguzi, mtu makini sana yule, kaifungua kesi, kachukua kibali, kaanza kutafuta namba. Kwenye bodi kuna namba. Kwenye bolti, kile chuma cha nyuma unachokivuta kuingiza risasi, kuna namba nyingine. Chini ya mtutu nako kuna tarakimu. Bunduki za zamani za aina hiyo ndivyo zilivyo, kila kipande kilipigwa namba kiwandani, na zikifumuliwa na kuunganishwa upya huko na huko unakuta namba hazifanani. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, ipi ndo ya kwenye karatasi?" Bahati nzuri picha nilikuwa nayo kwenye simu, nikamuonyesha ile ya kwenye bodi, nikamulika na tochi, kaisoma kwa sauti tarakimu moja moja huku mwenzake anafuatisha kwa kalamu. Ilikuwa sawa. Yule mzee jasho linamtoka, na AC ya Terminal 3 pale uwanja wa ndege Dar mnaijua. Namba nyingine zinajificha chini ya kishikio cha darubini ya kulengea, hapo ndo unaona mgeni anaomba bisibisi na wewe unatafuta bisibisi saa saba usiku.

Jambo lingine ambalo linaleta ubishi usio na sababu ni leseni. Kwetu huku chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huwezi kumiliki bunduki bila leseni yenye jina lako na namba ya silaha, kwa hiyo mtu wetu akiona bunduki swali la kwanza kichwani mwake ni leseni iko wapi. Sasa Mmarekani wa kawaida hana hicho kitu. Kule hakuna leseni moja ya taifa ya kumiliki raifo, majimbo mengi mtu anaingia dukani ananunua anaondoka. Anachokuja nacho ni fomu moja ya forodha yao inaitwa 4457, ambayo kiukweli haikutengenezwa kuwa leseni, ni karatasi ya kuthibitisha kwamba mali hii alitoka nayo nyumbani ili akirudi asidaiwe ushuru kama ameinunua nje, ileile anaweza kujazia kamera au saa. Ila ina jina lake, ina namba ya bunduki, ina mhuri wa afisa, basi nchi nyingi za Afrika zinaipokea kama uthibitisho wa umiliki. Muhimu ni kwamba lazima aende na bunduki yenyewe ofisi ya forodha kabla ya safari, afisa aione, agonge. Usije ukapokea mgeni mwenye 4457 aliyoijaza mwenyewe jikoni kwake bila mhuri, haina maana.

Wa Ulaya nao wana kijitabu chao, pasi ya silaha ya Ulaya, wanakishika kwa kujiamini kama pasipoti. Kinawafaa kutoka nchi moja ya umoja wao kwenda nyingine. Kwetu hakina nguvu yoyote ya kumuingizia bunduki, kibali cha huku ni lazima.

Ila nikwambie ukweli, huku Dar siyo penye matatizo. Na kule mgeni anakotoka siyo penyewe. Matatizo yako katikati, pale anapobadilisha ndege, na hapo ndo madogo wote wanapasahau kwa sababu wanaona mgeni anapita tu, hata nje ya uwanja hatoki. Yeye anapita, sawa, lakini bunduki nayo inapita kwenye ardhi ya watu wenye sheria zao. Chukua Amsterdam, njia ambayo wageni wetu wengi wanaitumia. Hata kama kesi inatoka ndege moja kuingia nyingine bila mgeni kuiona, Waholanzi wanataka ruhusa yao iombwe kwa forodha kabla ya safari, siyo siku hiyo. Na kuna nchi nyingine zenye masharti kama hayo, kwa hiyo kabla mgeni hajalipia tiketi muulize anapita wapi, na shirika la ndege liandikiwe lijibu kwa maandishi kwamba linabeba silaha kwenye safari hiyo yote, kipande kwa kipande, maana tiketi inaweza kuwa ya shirika moja halafu kipande cha pili ndege ni ya shirika rafiki lenye masharti yake. Jibu la simu siyo jibu. Dada wa kwenye simu hatakuwepo kaunta saa kumi alfajiri.

Na tiketi iwe moja. Hii nairudia kila mwaka. Mgeni mmoja aliona akikata vipande viwili anaokoa hela, kipande cha kwanza mpaka Johannesburg, cha pili Johannesburg mpaka Dar. Hela aliokoa kweli. Lakini mzigo ukaishia Johannesburg, na mzigo ukiishia mahali maana yake unautoa, na ukiutoa wenye bunduki ndani maana yake umeingiza silaha Afrika Kusini hata kama una masaa matatu tu pale. Wale wana fomu yao ya polisi, SAPS 520, inajazwa kwa wino mweusi na husaini mpaka uwe mbele ya afisa. Hakuwa nayo, hakuwahi kuisikia. Akaja Dar na begi la nguo, bunduki zikabaki kule kwa polisi, na mimi nimesimama nje pale kwa wapokeaji na kibango chenye jina lake na kibali mkononi cha bunduki ambazo hazipo. Aliwinda na bunduki ya kambini, akapata nyati wake vizuri tu.

Na hapo niseme maoni yangu, wenye kampuni watanisamehe. Wageni wengi hawana haja ya kubeba bunduki. Kambi nyingi zina raifo za kukodisha, nzuri, zimeshapimwa, na mtu anayekuja mara moja maishani kwa ajili ya nyati na pofu angeokoa karatasi zote hizi. Wanaobeba nawaelewa, mtu amefanya mazoezi na bunduki yake mwaka mzima, kitako kimekatwa kwa urefu wa mkono wake, unamwambia aiache? Haachi. Wengine wanakuja na zile za mitutu miwili za Kiingereza ambazo bei yake unajenga nyumba Goba na uzio juu. Sawa, abebe, ila awe na sababu, siyo kwa kuwa rafiki yake alibeba.

Risasi. Utaratibu wa mashirika mengi ni kilo 5 kwa abiria, na hizo kilo 5 ni pamoja na boksi, na mke na mume hawaruhusiwi kuunganisha wakaweka kilo 10 kwenye sanduku moja. Kwenye makaratasi ya Marekani mtu anaruhusiwa kutoka na risasi mpaka 1,000 kwa ajili ya kuwinda, anafurahi, halafu kaunta wanamwambia kilo 5 anashangaa. Piga hesabu: risasi moja ya kaliba ya .375 yenye kichwa cha grini 300 (grini ni kipimo cha uzito wa risasi) inakaribia gramu 45, boksi la 20 linafika karibu kilo nzima, kwa hiyo ni kama maboksi matano basi. Akiwa na .458 yenye kichwa cha grini 500, hesabu maboksi manne. Zinamtosha kabisa, safari nzima ya kuwinda watu wengi hawamalizi hata mawili. Ziwe kwenye maboksi yake ya kiwandani au yanayofanana na hayo, kila risasi na kitundu chake, ndani ya kasanduku kadogo kenye kufuli, mbali na bunduki, kwa sababu mashirika mengi hayataki vikae pamoja. Na ndo maana mimi mgeni akiniuliza kaliba namwambia .375 H&H, imetoka mwaka 1912 na mpaka leo huku bado ndo mfalme, risasi zake zikipotea njiani kambini hazikosekani. Wewe njoo na kaliba ya ajabu ajabu uliyoisoma juzi, zipotee, uone.

Kuna kipande cha mwisho ambacho hakiandikwi popote. Mgeni ametoka Terminal 3, kalala hotelini, asubuhi anapelekwa Terminal 1 kupanda ndege ndogo ya kukodi kwenda kitaluni, yaani eneo la kuwindia. Ile kesi ngumu ya mita moja na ushee iliyozunguka dunia haitaki kuingia kwenye Cessna 206 yenye watu watatu na mabegi yao. Rubani anaitazama, anakutazama wewe. Kwa hiyo mwambie mgeni aje na mfuko laini wa bunduki aukunje ndani ya begi la nguo, kesi ngumu ibaki ofisini kwenu Dar imeandikwa jina, anaikuta akirudi. Ukipanga hivyo na foleni ya Tazara isikukute umechelewa, mambo yanaenda.

Kambini kitu cha kwanza mwindaji bingwa, yule anayemuongoza mgeni porini, atamfanyisha ni kupiga shabaha ya karatasi kwanza, kabla ya kuona mnyama yeyote. Darubini iliyopita viwanja vitatu na mikono ya wapakiaji huwezi kuiamini.

Kurudi watu wanalegea, wamechoka wana furaha, na kurudi nako bunduki zinatoka kwa karatasi zilezile. Risasi zilizobaki zihesabiwe na ziandikwe, zisigawiwe kwa wafanyakazi kama kalamu, mpishi akikutwa na risasi tano za zawadi huko Rufiji nani atamtetea? Halafu kabla hamjaondoka hotelini kwenda airport, mwambie mgeni atoe koti la kuwindia, geuzeni mifuko yote nje, na lile begi la mgongoni alilokuwa anabeba porini limiminwe kitandani chini mpaka juu. Mimi nafanya hivyo hata kwa mgeni aliyekuja mara kumi na anakasirika. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa zipu, au hata ganda tupu aliloliweka kama kumbukumbu ya nyati wake, ikionekana kwenye skana ya mizigo ya mkononi ndege inaondoka bila yeye, na wewe ndo utakuwa unaeleza pale mpaka asubuhi.