Skechi ya kikoba cha shangazi ilivyoniokoa

Mi ni mchoraji wa kujitegemea hapa Dar, nachorea magazeti na majarida, yani mtu kaandika makala, mhariri ananitupia meseji wasapu "nataka mchoro kesho saa nne", basi. Mwezi uliopita nilipata kazi tatu. Ya ada za shule na ya abiria wa mwendokasi waliobanana mlangoni ziliisha fasta hata sina cha kusimulia. Iliyonitoa jasho ni ya vikoba, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopeshana hela.

Rafu ya kwanza nikachora mkono unamwagilia mti unaozaa noti. Mhariri akajibu "mti wa hela tena?" Nikatuma ya pili, kibubu kinajazwa sarafu, akasema kibubu na kikoba wapi na wapi. Na alikuwa sahihi, ndo kilichoniuma, maana kwenye kibubu hela inakaa tu ila kwenye kikoba inazunguka, watu wananunua hisa, wanakopeshana, wanarudisha na riba kidogo, mwisho wa mzunguko wanagawana. Sasa hiyo unaichoraje?

Hapo ishafika saa mbili usiku, afu umeme ukakatika, tableti ina asilimia 9. Nikawasha tochi ya simu nikaanza kufunua skechibuku langu, kadaftari tu ka A5 natembea nako kila mahali, kamejaa makonda, wauza kahawa, samaki wa Feri (hao nimewachora mpaka daftari lenyewe linanuka). Nikakuta ukurasa wa jumapili moja niliyomsindikiza shangazi kwenye kikoba chao Mbagala, nilikuwa namsubiri tu wamalize. Sanduku la bati katikati ya mkeka, makufuli matatu, funguo wanazo wamama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne, kwahiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Shangazi ni mmoja wa wale watatu, ufunguo wake kaufunga kwenye pindo la khanga.

Nikasema ndo hii hii! Mikono mitatu, funguo tatu, sanduku moja, sura sikuweka kabisa maana sikuomba ruhusa ya mtu. Nikaichora upya kwa kalamu ya wino, mistari minene makusudi, karatasi ya gazeti inakunywa wino sana, ukijifanya fundi wa vimistari vyembamba asubuhi unakuta doa. Khanga nayo lazima iwe na jina, "haba na haba" nikaikataa, kila makala ya hela imo, nikaandika DAWA YA DENI KULIPA. Kulipokucha nikawahi steshenari wakaniskania, nikatuma saa tatu na robo. Jibu likaja: "Hii sawa." Kwa yule mhariri hayo ni mahaba.

Gazeti lilipotoka nikampelekea shangazi, nishamaliza shikamoo ananiangalia tu. "Huu mkono si wa kwangu huu? Mbona umeninenepesha hivi mwanangu?" Kumbe sura nilizificha bure, jumapili yake walipitishiana lile gazeti kwenye mkeka, wakatambuana wote kwa vidole na bangili, kicheko hicho. Ila yule mama anayelaza sanduku kanuna, eti sanduku lake limetoka gazetini yeye hayumo. Nimeshaahidi kreti ya soda wiki ijayo, na malipo ya mchoro wenyewe bado hayajaingia.