Nilivyolipata jina la waridi la bibi

Kwa bibi yangu, Rungwe, kuna mwaridi uliopanda mpaka juu ya paa la jiko la nje. Kijijini wanaliita waridi la kipaimara, kwa kuwa watoto hubandikwa maua yake kifuani siku hiyo. Bibi anasema mama yake alikuwa akipalilia bustani ya misheni, akapewa kitawi na Wajerumani kabla ya vita ile ya kwanza. Wamoravian, wamisionari wa Kikristo kutoka Ujerumani, walifika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo jambo hilo liliwezekana. Nilitaka kujua kama ua lenyewe linakubaliana na bibi.

Mwanzoni nilikosea. Nililinganisha picha, na mawaridi ya pinki yanafanana mno; wiki nzima niliamini ni Old Blush, waridi la kale la China. Bibi ndiye aliyenirekebisha: "Mjukuu wangu, unatazama ua tu. Shika na shina lake." Nikapitisha kiganja toka chini hadi juu. Hakuna mwiba hata mmoja! Old Blush lina miiba. Mawaridi ya zamani yanayopanda, yenye harufu kali, yanayochanua tena na tena na yasiyo na miiba ni machache sana. Nikabaki na majina mawili: Zéphirine Drouhin, lililotolewa na mkuzaji wa mawaridi aitwaye Bizot huko Ufaransa mwaka 1868, na Kathleen Harrop, lililochipuka kutoka kwa hilo hilo Zéphirine na kutoka rasmi mwaka 1919.

Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Kama ni Kathleen, limezaliwa vita imekwisha, na habari ya mama yake bibi ingeanguka.

Kinachoyatenganisha ni rangi. Kathleen ni pinki hafifu, Zéphirine imekolea. Tatizo, nilikuwa nikiyatazama mchana, wakati jua limeshayapausha. Kwa hiyo nikaamka alfajiri siku tatu mfululizo, umande bado uko kwenye majani, nikachuma ua lililoanza tu kufunguka na kulaza petali yake juu ya karatasi nyeupe ya daftari. Pinki nzito, inayoelekea kwenye wekundu, siku zote tatu. Majani machanga nayo yalikuwa ya zambarau yenye mng'ao wa shaba, kama inavyoelezwa kwa Zéphirine. Halithibitishi kwamba Wajerumani ndio walioleta, lakini halimpingi bibi, na mimi hilo lilinitosha kabisa.

Kilichonigusa zaidi ni ukoo wake. Zéphirine ni wa kundi la Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion, huku huku Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Huko watu walipanda mawaridi kama uzio wa mashamba, waridi la China likachanganyika lenyewe na la Damasko, na mwaka 1819 mbegu zikapelekwa Ufaransa. Yaani damu ya ua hili ilianzia bahari yetu, ikaenda Ulaya, ndipo ikapanda milima hadi kwetu.

Bibi aliuliza huyo Zéphirine ni nani. Nikamwambia ni mke wa mpenda bustani mmoja wa Semur, Ufaransa.

"Sefilini," akalirudia taratibu, mara mbili. "Kumbe ni mama wa watu. Ndaga fijo, mjukuu wangu." Yaani asante sana, kwa Kinyakyusa. Kisha akanituma nikate vitawi vinne vya shangazi wa Busokelo, kabla mvua hazijakatika.