Nilivyoyatafuta meno ya plastiki kwa majina yake yote

Nilipochagua meno ya plastiki, au meno ya nailoni, yaani ile imani kwamba vichipukizi vya meno ya mtoto mchanga ndivyo vinavyomletea homa na kuharisha hivyo ving'olewe, kuwa mada ya mapitio yangu ya tafiti, mwenzangu mmoja hapa Dodoma aliniambia, "Dada, chukua makala kumi za mwanzo, andika, maliza." Ushauri ule unaniudhi hadi leo. Ukifanya hivyo unajua tu intaneti ilikupa nini siku ile.

Mimi mada hii niliikuta kliniki. Mama mmoja kutoka Bahi alimleta mtoto wa miaka mitatu. Nilipoinua mdomo wa juu, pale machonge yalipotakiwa kuwa palikuwa na makovu mawili yaliyobonyea. "Walimtoa nailoni akiwa mdogo, daktari, homa ikaisha." Kile kitu cheupe mama alichoonyeshwa na mganga kilikuwa kichipukizi cha chonge, laini kwa kuwa bado hakijakomaa. Waganga hukichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli, na chonge la kudumu lililo jirani nacho huweza kuharibika. Homa na kuharisha kwa watoto mara nyingi huisha vyenyewe, lakini sifa anabaki nazo mganga.

Basi nikatafuta "meno ya nailoni" kwa Kiingereza, nikapata makala chache, nikafurahi. Karibu wiki mbili nilizichambua, hata jedwali nilishalichora. Siku hiyo tunakula ugali na mlenda, muuguzi tuliyepanga naye nyumba moja, aliyekulia Bukoba, akaniuliza, "Na ebiino umeziweka? Waganda ndivyo wanavyoziita." Sikumaliza kula.

Nikaanza upya. Ebiino na tahajia zake zote, meno ya Lugbara, haifat ya Sudan, meno ya uongo, na lile jina la wataalamu wa Kiingereza, ukeketaji wa kinywa cha mtoto mchanga. Nikayaunganisha yote kwa "au" katika utafutaji mmoja, ili zije makala zenye jina lolote kati ya hayo. Rundo likawa mara kadhaa ya lile la kwanza, na kilichoniuma zaidi ni kwamba humo mlikuwa na utafiti wa Tanzania yetu, ambao kichwa chake kinasema "kung'oa vichipukizi vya meno" bila neno nailoni. Waulize akina mama majina kabla hujagusa kompyuta!

Mpango wa mapitio yako usajili mapema PROSPERO, daftari la mtandaoni la mipango ya mapitio ya tafiti, ni bure. Makala za kulipia nilizipata nyingi kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzifikisha makala za afya kwenye nchi zenye kipato kidogo.

Kuchuja makala lazima wawe watu wawili, kila mmoja peke yake. Bando lilikuwa linatumaliza, kwa hiyo nilichapa mihtasari stationery, nakala mbili mbili, shilingi elfu ishirini na kitu hivi, nikaikata vipande vyenye namba. Mimi sebuleni, muuguzi chumbani, kila mtu na makopo yake matatu ya maziwa ya unga: ndiyo, hapana, labda. Usiku tukamwaga vyote mkekani tukalinganisha namba. Tulibishana sana juu ya utafiti uliohoji waganga tu bila kupima mtoto hata mmoja; mwalimu wangu akaamua ubaki, lakini usihesabiwe kwenye madhara.

Tafiti zilizolinganisha watoto waliotolewa na wasiotolewa zilikuwa haba, nami nimeandika hivyo hivyo. Sehemu ya makovu nimeiandika mara nne, na bado namwona yule mtoto wa Bahi akifumba mdomo haraka nilipouachia.