Cheti cha karatasi ya daftari

Leo jioni kwenye duka la dawa, hapa Mwanga, Kigoma. Kaingia kijana na sare ya shule, sweta kaifunga kiunoni.

"Shikamoo dokta. Naomba tramadol, ya bibi. Mgongo unamsumbua."

Nikamwambia hiyo ni dawa kali ya maumivu, haitoki bila cheti cha daktari. Akatoa kikaratasi.

Jamani! Karatasi ya daftari, mstari mwekundu wa pembeni bado upo. Na mwandiko unasomeka vizuri kabisa, ndipo nilipojua si wa daktari 😅

Sikumfokea. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamweleza: ukizidisha unaweza kupata degedege, au pumzi ikapungua mpaka ikakata. Ukichanganya na pombe au dawa za usingizi, hatari inazidi.

Akainama, anakunjakunja kile kikaratasi. Kisha kwa sauti ndogo:

"Hata kama mtu ameshazoea?"

Aisee. Miaka kumi na mitano hivi, huyu.

Nikamwambia hata aliyezoea, na asiache kienyeji, aende hospitali asaidiwe. Kakubali kesho aje na mama yake. Sijui kama atakuja.

Halafu wengine wala hawaji dukani, wanachomoa kwenye mfuko wa dawa za babu zilizobaki.

Wazazi wenzangu, za kwenu mnaziweka wapi? Na angekuwa wenu, mngemwambia nini?